Dkt. Michael Wood: Mpasuaji wa angani na vifuko vya maji vya Turkana

Katika miaka ya 1970, ndege ndogo ya madaktari ilipotua Lodwar au Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, mpasuaji aliyeshuka alijua kabla hajaingia wodini kwamba miongoni mwa waliomngoja watakuwapo watu wenye matumbo yaliyovimba mithili ya ujauzito. Wengi wao walikuwa wanawake. Wengine walikuwa wamebeba uvimbe huo kwa miaka kumi au zaidi. Ndani yake hamkuwa na mtoto wala saratani. Mlikuwa na kifuko cha maji maangavu kilichojengwa na mnyoo mdogo kabisa, tegu aishiye ndani ya utumbo wa mbwa.

Shirika lililokuwa likiwarusha madaktari hao lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu, na kati yao aliyelibeba kwa muda mrefu zaidi ni Michael Wood, Mwingereza aliyeishi Afrika Mashariki kwa takriban miaka arobaini hadi alipofariki dunia mwaka 1987. Jina lake hutajwa sana panapozungumzwa ndege na hadithi za kutua porini. Panapozungumzwa Turkana hutajwa kwa nadra, ingawa huko ndiko kazi yake ilikokutana na swali gumu kuliko yote aliyopata kukabiliana nayo: mpasuaji afanye nini na ugonjwa ambao kila anapomtibu mgonjwa mmoja, mwingine amekwisha kuambukizwa nyumbani?

Pumu iliyomleta Kenya

Wood alisomea udaktari London. Alisumbuliwa na pumu, na baridi na ukungu wa Uingereza havikumfaa. Muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihamia Kenya pamoja na mkewe, Susan, akaanza kazi ya upasuaji jijini Nairobi.

Susan hakuwa mgeni wa Afrika. Alizaliwa Kongo, ndani ya msitu ambako wazazi wake walikuwa wamisionari, na baba yake, Alfred Buxton, alikuwa miongoni mwa waasisi wa umisheni wa Kiprotestanti katika eneo hilo. Baadaye Susan alijijengea jina lake mwenyewe kama mwandishi, na mwaka 1975 alianzisha huko Karen, Nairobi, karakana ya shanga za udongo iliyoitwa Kazuri, iliyowapa ajira akina mama waliokuwa wakilea watoto peke yao. Karakana hiyo ingalipo. Waliomjua Wood wanakubaliana kwamba bila mke huyo asingeweza kuishi maisha aliyoishi, ya mwanamume aliyeondoka alfajiri na ambaye hakuna aliyejua atatua wapi jioni.

Katikati ya miaka ya 1950 Wood alirudi Uingereza kwa muda, akaenda East Grinstead kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile chini ya Sir Archibald McIndoe. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ndiye aliyewatengenezea nyuso na mikono upya marubani wa Uingereza waliounguzwa ndani ya ndege zao wakati wa vita. Wood aliporejea Nairobi alikuwa mmoja wa wapasuaji wa kwanza wa fani hiyo Afrika Mashariki, na kazi haikuwa haba. Walikuwapo watoto waliotumbukia kwenye moto wa kupikia, watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wagonjwa wa ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimekunjamana, na watu waliojeruhiwa na wanyama. Wengi wao hawakuweza kufika Nairobi.

Mazungumzo kwenye mteremko wa Kilimanjaro

Familia ya Wood ilikuwa na shamba Ol Molog, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, nchini Tanganyika ya wakati huo. McIndoe naye alivutwa na mlima huo, akawa na sehemu katika shamba la jirani. Hapo ndipo yeye, Wood na Mmarekani Tom Rees, mwanafunzi mwingine wa McIndoe, walipozungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja alikuwa ameliona kwa macho yake. Wagonjwa walikuwa wametawanyika katika nchi pana isiyo na barabara, na wapasuaji walikuwa wachache na wote wamekaa mijini. Kumbukumbu za shirika husema kwamba wakati ule Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000.

Jibu lao lilikuwa ndege. Mwaka 1957 wakaunda Huduma ya Madaktari wa Angani ya Afrika Mashariki, iliyokuja kujulikana kama AMREF. Wood alijifunza kurusha ndege mwenyewe, na kwa miaka mingi alikuwa rubani na mpasuaji kwa pamoja. Aliamka kabla ya jua, akaruka saa mbili au tatu, akapasua mchana kutwa katika hospitali ya misheni au ya serikali, kisha akaruka kurudi kabla giza halijaingia, kwa kuwa viwanja vya vijijini havikuwa na taa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirika lilijenga mtandao wa redio za upepo uliounganisha hospitali za mbali na makao yake katika uwanja wa ndege wa Wilson. Kwa wasikilizaji wa redio jambo hili halihitaji maelezo marefu. Muuguzi aliyekuwa peke yake na mama mjamzito anayevuja damu, umbali wa mwendo wa siku mbili kutoka barabara ya lami, sasa aliweza kuuliza na kujibiwa. Mwaka 1964 alijiunga Dkt. Anne Spoerry, ambaye Wakenya wa kaskazini na wa pwani walimpa jina la Mama Daktari, na umaarufu wake ukaja kumpita hata Wood.

Katika siasa za wakati wa ukoloni, Wood na mkewe walikuwa wanachama wa Jumuiya ya Capricorn, kundi lililotaka uraia mmoja kwa watu wa rangi zote. Walowezi wengi waliwaona wasaliti, na Waafrika wengi waliona kwamba kundi hilo lilitaka kuchelewesha uhuru kamili. Historia iliwapita haraka. Ila msimamo huo ulimsaidia Wood kubaki na kufanya kazi na serikali zote tatu baada ya uhuru, wakati wenzake wengi walifunga mizigo.

Nchi ya kame na mbwa

Turkana ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 60,000 za mchanga, mawe na migunga, kuanzia ziwa hadi mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Watu wake ni wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe na punda. Maji ni ya kuchimbwa katika mchanga wa mito mikavu, na mwanamke huweza kutembea nusu siku kuyafuata.

Madaktari waliofika huko walianza kugundua kwamba ugonjwa ambao katika hospitali nyingine za Kenya ungeonekana mara moja kwa miaka kadhaa, Turkana ulionekana kila wiki. Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la ugonjwa huo. Madaktari huuita hidatidi. Mzunguko wake ni huu: tegu mdogo, mwenye urefu wa milimita chache tu, huishi kwa maelfu ndani ya utumbo wa mbwa bila kumdhuru. Mayai yake hutoka na kinyesi, husambaa kwenye udongo, manyoya na maji. Mbuzi, kondoo au ngamia huyameza malishoni, nayo huanguliwa na kwenda kujenga vifuko vya maji katika ini na mapafu ya mnyama. Mnyama akichinjwa au akifa, mbwa akila ini lile, mzunguko umekamilika.

Binadamu huingia katikati ya mzunguko huu kwa bahati mbaya. Humeza yai kutoka mkononi, kwenye chombo au kwenye maji, na kifuko huota ndani yake kama kiotavyo ndani ya mbuzi. Hukua polepole. Mara nyingi huwa katika ini, kisha mapafu. Kwa watu wachache husafiri na damu hadi sehemu nyingine, na mojawapo ni ubongo.

Kwa nini Turkana? Mwaka 1982 jarida moja la Uingereza la magonjwa ya nchi za joto lilichapisha makala za mfululizo juu ya suala hilo. Ya kwanza ilikuwa na waandishi watatu, akiwamo Profesa George Nelson, bingwa wa vimelea, na Wood mwenyewe. Walieleza ukubwa wa tatizo na kupendekeza sababu zake. Tafiti za miaka hiyo zilikadiria kwamba katika sehemu za kaskazini za wilaya, wagonjwa wapya wa kupasuliwa walifikia takriban 220 kwa mwaka katika kila watu 100,000, kiwango ambacho hakikupata kuandikwa kwingineko duniani.

Fumbo lilikuwa kwamba Wamaasai nao wana mbwa, nao wana mifugo, na mifugo yao ilikutwa na vifuko kwa wingi kuliko ile ya Turkana. Lakini Wamaasai wenyewe waliugua kwa nadra. Tofauti ilikuwa katika ukaribu wa mbwa na watu. Katika boma la Waturkana mbwa aliingia kibandani kutafuta kivuli, alilamba vyombo, na pale pasipo na maji ya kuosha alilamba uchafu wa mtoto mchanga na kumsafisha. Watafiti waliandika pia kwamba, kwa kuwa si maiti wote waliozikwa, huenda mbwa na wanyama wa porini waliambukizwa hata kutokana na miili ya watu.

Maelezo kama haya huweza kusomeka kama lawama. Hayapaswi kuwa hivyo. Mama asiye na lita moja ya ziada hana namna nyingine ya kumsafisha mtoto mara nane kwa siku, na mbwa huyohuyo ndiye humlinda mtoto dhidi ya fisi usiku. Ukame ndio uliomweka mbwa mahali ambapo kwingine pangekuwa pa beseni na sabuni.

Kifuko ndani ya fuvu la mtoto

Kati ya wagonjwa wote wa hidatidi, wanaopata kifuko katika ubongo ni wachache, takriban mmoja au wawili katika kila mia. Lakini zaidi ya nusu ya hao ni watoto. Kwa hiyo ugonjwa ambao kwa mama ni tumbo linalovimba taratibu, kwa mwanawe huweza kuwa jambo jingine kabisa.

Mtoto huanza kulalamika kichwa. Hutapika asubuhi. Mguu mmoja huanza kuburuta, au mkono mmoja hudhoofika, au anaanguka kifafa. Kwa kuwa mifupa ya fuvu lake bado haijakomaa, kichwa chenyewe huweza kupanuka. Macho hufifia kidogo kidogo kwa sababu shinikizo huua mishipa ya kuonea. Jambo linalowashangaza madaktari ni kwamba mtoto huyo huweza kuendelea kucheza na kuzungumza huku akiwa na kifuko chenye ukubwa wa chungwa au zaidi, kwani ubongo wa mtoto husogea na kukipa nafasi. Halafu ghafla nafasi huisha.

Hapa pafaa kutenganisha magonjwa mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Tegu wa nguruwe naye hupeleka vifuko katika ubongo, na ni chanzo kikubwa cha kifafa katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki ambako nguruwe huachwa wazurure. Vifuko hivyo ni vidogo, mara nyingi vingi, na hutibiwa zaidi kwa dawa. Kifuko cha tegu wa mbwa kwa kawaida ni kimoja, kikubwa, na tiba yake ni upasuaji.

Upasuaji huo una historia yake, na haikuanzia Afrika. Argentina na Uruguay, nchi za kondoo na mbwa, zilikuwa na watoto wengi wenye ugonjwa huu. Mwaka 1929 daktari wa Argentina aitwaye Dowling alieleza njia ambayo hadi leo haijapata mshindani, na baadaye Arana-Iñíguez wa Uruguay aliiboresha. Tatizo lilikuwa hili: ukuta wa kifuko ni mwembamba na mweupe, kama ute wa yai lililochemshwa, nao hauvumilii kushikwa na koleo. Ukipasuka, maji yake humwagika pamoja na mbegu za tegu, na kila mbegu huweza kuota kifuko kipya. Maji hayo pia huweza kuustua mwili kiasi cha moyo kusimama mezani.

Kwa hiyo mpasuaji hakishiki. Hufungua dirisha pana katika fuvu, pana kuliko kifuko chenyewe, kisha hukata utando wa ubongo kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mara nyingine kifuko kimekaribia mno juu. Hupasua tabaka jembamba la ubongo lililobaki juu yake. Kisha huingiza mrija laini wa mpira kati ya ubongo na kifuko, na kusukuma maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, polepole, upande huu na upande ule. Meza huinamishwa ili kichwa kielekee chini. Maji hutenganisha, uzito huvuta, na kifuko hutoka chenyewe kizima na kutua ndani ya bakuli. Wapasuaji hulifananisha tendo hilo na kujifungua. Likifanikiwa, mtoto aliyeingia chumbani akiwa haoni vizuri huweza kutoka hospitalini akitembea, na mara nyingi hapati tena ugonjwa huo.

Likishindikana, kila kitu hubadilika kwa sekunde.

Wood hakuwa mpasuaji wa ubongo, na hakuna sababu ya kumvisha sifa isiyokuwa yake. Kazi hiyo ilihitaji chumba cha upasuaji cha Nairobi, mtaalamu wa nusukaputi mwenye uzoefu, na picha za eksirei za mishipa ya damu ya kichwa. Baadaye, kipimo cha CT. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni takriban kilomita 700 kwa barabara. Tumbo lililovimba liliweza kungoja ndege ya mwezi ujao na kupasuliwa palepale wilayani. Kichwa hakikungoja. Mtoto alitegemea muuguzi atakayetambua kwamba kutapika kule si malaria, redio itakayofanya kazi siku hiyo, na kiti kitakachopatikana ndegeni. Kila moja ya hayo lilikuwa jambo ambalo shirika la Wood lilikuwa limelijenga kwa miaka ishirini, na kila moja lingeweza kukosekana.

Kisu kisichotosha

Kadiri miaka ilivyokwenda, Wood alianza kutilia shaka kazi iliyompa umaarufu. Wakosoaji walisema ndege ni ghali na kwamba fedha za safari moja zingemlipa mhudumu wa kijijini kwa muda mrefu. Badala ya kuwapuuza, alikubali kwamba sehemu ya hoja yao ilikuwa sahihi. Chini ya uongozi wake AMREF ilianza kufundisha wahudumu wa afya wa vijiji, kuchapisha vitabu vya mafunzo na jarida la Afya kwa ajili ya waganga wa zahanati, na kupeleka kliniki za magari kwa wafugaji. Ndege ziliendelea kuruka, lakini hazikuwa tena jibu la kila swali.

Turkana iliweka jambo hilo wazi kuliko mahali pengine. Wapasuaji walikata vifuko mwezi baada ya mwezi, na foleni haikupungua. Baadhi ya wagonjwa walirudi wakiwa na vifuko vipya kwa sababu vya awali vilivuja wakati wa kupasuliwa, au kwa sababu walirudi kwenye udongo uleule na mbwa walewale.

Mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa majaribio wa kuudhibiti ugonjwa katika eneo la Lokichokio, kwenye pembe ya kaskazini magharibi. Mbwa waliandikishwa na kupewa dawa ya prazikwanteli kila baada ya wiki sita, kabla tegu hajapata muda wa kukomaa na kutaga. Mbwa wasio na wenyewe waliuawa. Wahudumu wenyeji walizunguka mabomani wakiwa na picha na vifuko halisi vilivyotolewa kwa mbuzi, wakieleza kwa Kiturkana kwamba uvimbe wa tumboni na uvimbe ulio katika ini la mbuzi ni kitu kimoja. Wafugaji wanayajua maini ya mifugo yao kuliko daktari yeyote, kwa hiyo somo hilo lilieleweka haraka. La mbwa lilikuwa gumu zaidi. Kuua mbwa wa mtu si jambo dogo, na mpango ulilazimika kwenda kwa mwendo wa wazee wa eneo, wakati mwingine ukingoja familia zilizokuwa zimehama na mifugo kuvuka mpaka.

Wakati huohuo Turkana ikawa mahali pa kujaribia mambo mapya. Dawa ya albendazoli ilitolewa kwa wagonjwa ambao hawakuweza kupasuliwa, na kwa baadhi yao vifuko vilinywea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 watafiti walibeba mashine ndogo za ultrasaundi, zilizoendeshwa kwa jenereta, na kuwapima watu chini ya miti. Kwa mara ya kwanza kifuko kiliweza kuonekana tumboni kabla mwenyewe hajahisi chochote. Baadaye madaktari walijifunza kunyonya maji ya kifuko cha ini kwa sindano ndefu wakiongozwa na mashine hiyo, na kumwaga dawa ndani yake, bila kupasua kabisa.

Hata hivyo maendeleo hayo yote yalisimama shingoni. Ultrasaundi haipenyi fuvu lililokwisha kufunga. Kifuko cha ubongo hakichomwi sindano. Mtoto wa kichwa alibaki kuwa mgonjwa wa chumba cha upasuaji cha mjini, na kinga yake pekee ilikuwa ile iliyofanywa miaka kadhaa kabla hajaanza kutapika, siku mbwa wa nyumbani kwao aliponyweshwa dawa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1985 Wood alipewa na Uingereza cheo cha Sir. Mwaka huohuo, Ethiopia na Sudan zikiwa bado katika njaa kubwa, yeye na David Campbell walianzisha FARM-Africa, shirika la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Watu walishangaa mpasuaji kuanzisha shirika la kilimo katika umri ambao wengine hustaafu. Kwa aliyekuwa amemtazama akitoka kwenye upasuaji kwenda kwenye redio, kutoka redio kwenda kwa mhudumu wa kijiji, na kutoka hapo kwenda kwa mbwa na mbuzi wa Turkana, hatua hiyo haikuwa mbali.

Alikuwa amekwisha kuandika kitabu kimoja juu ya kazi yake mwaka 1978. Cha pili, kinachosimulia miaka yake arobaini ya udaktari Afrika Mashariki, kilitoka mwaka 1987, mwaka aliofariki.

Mpango wa Turkana uliendelea bila yeye. Vipimo vya ultrasaundi vilivyorudiwa baada ya robo karne vilionyesha kwamba kiwango cha ugonjwa kimeshuka, ingawa hakikutoweka. Ng'ambo ya mpaka, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia, wenye mifugo na mbwa wa namna ileile, nao walikutwa na ugonjwa huo, na huko hapakuwa na mpango wa kulinganishwa na ule wa Lokichokio. Ndege za AMREF bado zinaruka kutoka Wilson. Mtoto wa Turkana mwenye kifuko kichwani leo huweza kupelekwa Eldoret badala ya Nairobi, safari ambayo kwa barabara bado humaliza siku nzima.